Wakili wa Fidia na Daftari la Kibarua

Watu wengi wakisikia neno wakili humwona mtu aliyevaa joho, amesimama mbele ya jaji, akipangua hoja za upande wa pili. Mawakili wa namna hiyo wapo, na Songea, mji wenye Mahakama Kuu ya kanda, inao. Ninayetaka kumsifu hapa kazi yake kubwa haionekani mahakamani. Utamkuta mezani na kikokotoo, kwenye benchi nje ya wodi, kituo cha polisi anapofuatilia fomu ya PF3, au kijiweni kwa vibarua akiuliza nani alikuwepo siku ile mashine ilipomkata mwenzao. Huyu ni wakili anayesimamia madai ya fidia kwa walioumia kazini. Ufundi wake ni kumpatia ushahidi mtu ambaye maisha yake yote ya kazi hakupewa karatasi.

Songea inamhitaji sana. Mkoa wake, Ruvuma, unajulikana kwa mahindi, na mahindi hayo hupakiwa na kushushwa mgongoni, gunia baada ya gunia. Upande wa Madaba kuna mbao za mipaina, Namtumbo kuna tumbaku, Tunduru kuna vito, Mbinga kuna kahawa. Huko huko Mbinga, kwenye bonde la Ngaka, makaa ya mawe yanachimbwa tangu 2011, na malori ya makaa hukatiza Songea kuelekea bandari ya Mtwara. Kila kazi ina jeraha lake. Msumeno huchukua vidole, gunia huvunja kiuno, na lori likianguka huchukua roho. Vumbi la makaa huingia mapafuni likakaa kimya kwa miaka, hadi mwenyewe amesahau lini alilivuta mara ya kwanza.

Tena mkoa huu una historia ndefu ya kutoa nguvu kazi bila kulipwa stahili yake. Ujerumani ya Kansela Bismarck ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, ikawa mfano kwa nchi nyingi za Ulaya. Dola hiyo hiyo, kabla ya miaka 25 kupita, ilikuwa ikiwatoza watu wa kusini kodi na kuwasukuma kwenye kazi za shuruti, na tarehe 27 Februari 1906 ikawanyonga hapa Songea viongozi wa Wangoni waliopigana Vita vya Maji Maji. Fundi wa kiwanda kule Berlin alikuwa na sheria ya kumlinda akiumia. Mtu wa Songea aliyelazimishwa kufanya kazi hakuwa nayo. Walipokuja Waingereza, Songea ikawa mahali pa kuandikisha manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Vijana waliondoka wazima. Aliyerudi na kilema, kilema chake kilikuwa mzigo wa mama yake na ukoo wake.

Ndiyo maana naona fahari kwamba mmoja wa watu waliojenga umoja wa wafanyakazi nchini alizaliwa upande huu. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, kabla hajawa Waziri Mkuu. Yeye hakuwa wakili. Lakini madai ya mfanyakazi hupelekwa mbele kwa njia mbili, umoja na sheria, na moja ikikosekana nyingine huchechemea. Kwa upande wa sheria, Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1986 kitabu kuhusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania, akionyesha kwa subira jinsi sheria za kazi za kikoloni zilivyotungwa na zilivyomgusa mtu wa chini. Yeyote anayeshika faili la fidia leo anatembea kwenye njia ambayo watu wa aina hizi mbili waliifyeka.

Sheria yenyewe ilichelewa kukua. Ile ya zamani ya fidia, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, iliweka kikomo cha malipo ambacho thamani ya shilingi ilipoporomoka kikabaki kichekesho: fidia ya juu kabisa haikuzidi shilingi 108,000. Mtu angeweza kupoteza mkono na malipo yake yasitoshe hata nauli za kuyafuatilia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 20 ya mwaka 2008 ndiyo iliyobadilisha mambo. Iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kupokea michango ya waajiri mwaka 2015. Mwajiri wa sekta binafsi alianza kwa kuchangia asilimia 1 ya jumla ya mishahara anayolipa. Kiwango kikashuka hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022, sawa na sekta ya umma. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mafao ni saba: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, utengamao, malipo ya anayemhudumia mgonjwa, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki.

Ukiisoma sheria hiyo ukiwa umetulia nyumbani, utadhani kazi imekwisha. Hapo ndipo ufundi unapoanza.

Tuseme anaingia ofisini kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao. Mkono wa kulia umefungwa bandeji, mama yake yuko nyuma, amebeba mfuko wa nailoni wenye karatasi za hospitali zilizokunjika.

"Shikamoo, wakili."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kaa hapa, na mama naye apate kiti. Shikamoo, mama."

Mtu asiyeijua kazi hii angeanza kwa kuuliza kosa lilikuwa la nani. Wakili wa fidia haanzi hapo, kwa sababu mfumo huu haukujengwa juu ya kutafuta mkosaji. Linalotakiwa kuonyeshwa ni kwamba ajali ilitokea katika kazi na kwa sababu ya kazi. Kwa hiyo anauliza siku gani, saa ngapi, ulikuwa umeshika nini, nani alikuwa upande wa pili wa ubao, nani alizima mashine, nani wa kwanza kuambiwa. Anaandika kila jibu, kisha anamsomea mteja alichoandika. Kijana anaposema "nilikuwa nasukuma mabanzi," wakili hamkimbizi. Anamwomba asimame aonyeshe alivyokuwa amesimama, mkono ulikuwa wapi, msumeno ulikuwa wapi. Maelezo hayo lazima yafanane na jeraha ambalo daktari atalieleza. Yakipishana, hata kwa uzembe wa mwandishi tu, dai linaanza kunuka.

Swali la tarehe lina uzito kuliko yote. Mwajiri akishapata habari za ajali anatakiwa kuipeleka kwa Mfuko ndani ya siku 7, na madai yanatakiwa kufikishwa ndani ya miezi 12. Miezi 12 ni mingi kwa mtu mzima wa afya. Kwa aliyeumia hupita upesi. Miezi ya kwanza anauguza, inayofuata anaahidiwa na bosi, halafu anarudi kijijini kwa sababu kodi ya chumba imemshinda. Akija kukumbuka, mwaka umekwisha. Wakili hodari huandika tarehe ya mwisho juu kabisa ya jalada, kwa wino mzito, kabla hajaandika hata jina la mteja.

Kisha linakuja gumu lenyewe. Je, kijana huyu ni mwajiriwa? Hana mkataba. Analipwa kwa siku, mkononi. Mwajiri anaweza kusema simjui, alipita tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya kibarua ndiyo mali isiyo na daftari. Hapa wakili anafungua Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, ambacho kwa maoni yangu ni kimoja kati ya vifungu vyenye utu mkubwa katika sheria zetu. Kinasema mtu atadhaniwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya haya: namna yake ya kufanya kazi iko chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya shughuli ya taasisi hiyo, amemfanyia kazi mtu huyo wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu.

Soma tena orodha hiyo ukimfikiria kibarua wa mbao. Msumeno ni wa nani? Nani anasema tuanze saa moja asubuhi? Kifungu kimeandikwa kwa ajili yake, lakini hakitajisomea chenyewe. Wakili anakigeuza kuwa maswali ya kawaida. Anasikia kijana akitaja kwa kupita kwamba bosi alimtumia elfu hamsini za dawa.

"Alikupa mkononi?"

"Alituma kwenye simu."

"Ujumbe bado upo?"

Upo. Wakili anausoma: jina la mtumaji, kiasi, tarehe, saa. Anashuka chini zaidi na kukuta miamala mingine midogo ya kila Jumamosi, elfu arobaini, elfu arobaini na tano. Kijana alidhani amekuja mikono mitupu, kumbe daftari lake la mshahara lilikuwa mfukoni siku zote. "Usifute kitu," anaambiwa, na anaelekezwa akaombe taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu, ichapwe na kugongwa muhuri. Hakuna sauti iliyopandishwa, hakuna kifungu kilichotajwa kwa Kilatini, na dai limepata uti wa mgongo.

Huko Umatengo, upande wa Mbinga, wakulima huchimba ngoro kwenye miteremko, mashimo yanayonasa maji na udongo kabla mvua haijavipeleka bondeni, na hivyo ndivyo wakili huyu anavyofanya na ushahidi: anaunasa mapema, kipande kwa kipande, kabla muda haujausomba. Shahidi wa leo kesho amehamia Njombe. Mashine iliyokuwa haina kinga wiki ijayo imefungwa kinga mpya. Damu iliyokuwa kwenye mbao imeshafagiliwa pamoja na unga wa mbao.

Baada ya ushahidi wa kazi hufuata hesabu, na hapa ndipo namheshimu zaidi, kwa sababu hesabu haina mashabiki. Malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mapato ya mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Chukua dereva anayepata shilingi 600,000 kwa mwezi, lakini kwenye karatasi za mwajiri ameandikwa 400,000, zilizobaki zikiitwa posho isiyo na jina. Asilimia 70 ya kwanza ni 420,000. Ya pili ni 280,000. Tofauti ni 140,000 kila mwezi, yaani ada za shule na unga wa nyumba nzima. Wakili asiyeuliza mshahara halisi ni upi amempokonya mteja wake fedha hizo bila kujua.

Ulemavu wa kudumu nao una mstari wake. Ukifika asilimia 30 au chini, mtu hulipwa kwa mkupuo na jambo linafungwa. Ukizidi asilimia 30, analipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo neno moja la daktari linaweza kuamua kama mtu atalipwa mara moja au atalipwa maisha yake yote. Kidole gumba hakina uzito sawa na kidole cha mwisho, na pingili moja haina uzito sawa na kidole kizima. Ripoti inayosema tu "jeraha la mkono wa kulia" haimsaidii mtu. Wakili anamrudisha mteja hospitalini, iwe ya mkoa au ya wamisionari Peramiho, na barua fupi yenye heshima ikimwomba daktari aeleze vidole vipi, vimeishia kiungo gani, mkono unafumba kiasi gani, mgonjwa anaweza kushika nini. Hamfundishi daktari udaktari. Anamweleza tu sheria inahitaji kujua nini. Na daktari akiandika asilimia ndogo kuliko ambayo mteja angependa, lakini ni ya kweli, wakili wa heshima huikubali na kumweleza mteja sababu. Ukweli ndio mtaji wake. Siku akitia chumvi, faili zake zote zijazo zitatiliwa shaka, na watakaoumia ni wateja ambao hata hajawaona bado.

Uamuzi ukitoka na usiridhishe, sheria imeweka ngazi: kuomba mapitio kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, kisha kukata rufaa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mfanyakazi akifukuzwa kwa sababu ameumia, hilo ni shauri jingine, la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku zake ni 30 tu. Kujua dai lipi linakwenda mlango upi ni nusu ya ufundi. Afadhali pia siku hizi mteja anaelewa kinachosemwa juu ya mwili wake mwenyewe, kwani marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Majalada mazito kuliko yote ni ya wafiwa. Lori limeanguka, dereva amefariki, na anayekuja ofisini ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Hana cheti cha ndoa. Ndugu wa marehemu wanasema hawamjui. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inatambua kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kama mke na mume, watadhaniwa wameoana, hadi ithibitishwe vinginevyo. Tena dhana ile ile, sheria ikimsogelea mtu asiye na karatasi. Wakili anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa jirani waliyechota naye maji bomba moja, kwa mwalimu aliyeandikisha watoto. Anaomba ukoo ukutane na kuandika muhtasari wa kikao. Mara nyingi anakaa kwenye mkeka, anawasikiliza wazee hadi wamalize uchungu wao, ndipo anapotaja watoto. Anajua kwamba akishinda mahakamani na kuwapotezea watoto hao babu yao, ushindi huo una kasoro.

Kwa sababu amekwisha kuona madai mengi yakifa kwa kuchelewa, wakili bora hasubiri mlango ubishwe. Uwakili wake unaingia mitaani. Jioni yuko Lizaboni au Mfaranyaki kwenye kijiwe cha bodaboda, msimu wa mavuno yuko maghalani kwa wapakiaji, Jumapili anaomba dakika chache baada ya matangazo ya kanisa, Ijumaa baada ya swala. Haongei kwa muda mrefu. Anataja siku 7, miezi 12, PF3, na ujumbe wa simu usiofutwa. Wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ni mkono wake wa pili. Wao hawasimami mahakamani wala hawatozi ada, lakini wako Namtumbo na Mbinga vijijini, mahali ambapo wakili hafiki kila wiki. Wakili anayewafundisha vizuri kunasa tarehe na majina ya mashahidi amejiongezea macho na masikio katika kila kata.

Anakwenda pia kwa waajiri, na hapo ndipo hekima yake inapoonekana. Mwenye mashine tatu za mbao mara nyingi si mkatili. Ni mtu anayeogopa gharama na hajui kwamba mchango wa asilimia 0.5 unamwondolea hofu ya kuuza mashine siku kibarua akiumia. Wakili anamweleza hivyo, anamsaidia kuelewa namna ya kujisajili, na anamkumbusha kuwa kutojisajili ni kosa la jinai. Kila mwajiri anayejisajili kwa kuelewa hupunguza jalada moja la ugomvi siku za usoni. Wapo watakaosema wakili anajiharibia biashara. Mimi nasema hapo ndipo unapomtofautisha anayeishi kwa ajili ya watu na anayeishi kwa ajili ya kesi.

Nimeisifu kazi hii kwa sababu haina sifa. Hakuna gazeti linaloandika kwamba ripoti ya daktari iliandikwa upya kwa usahihi, au kwamba mjane fulani anapokea fedha kila mwezi. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wakili wa fidia amekataa unyonge wenyewe uwe sababu ya mtu kupoteza haki, na amekataa kwa kalamu, kikokotoo na subira. Kwa kipimo changu, huo ni uwakili wa daraja la juu kabisa.

Nawe msomaji, iwe unapakia magunia, unaendesha lori au umeajiri vijana watatu wa kukusaidia, usingoje siku ya msiba. Ukiumia kazini, mwambie mwajiri siku hiyo hiyo mbele ya shahidi, na uandike tarehe. Chukua PF3 palipohitajika, tunza kila karatasi ya hospitali, usifute ujumbe wa malipo kwenye simu. Mwajiri asipopeleka taarifa, nenda Ofisi ya Kazi au kwa WCF mwenyewe, au mtafute msaidizi wa kisheria wa kata yako, kabla miezi 12 haijaisha. Na kama wewe ni mwajiri, jisajili kwenye Mfuko wiki hii.